Maswali na majibu: Uko peke yako mjini, mbona unatembea kama mko arobaini?

Maswali yamerundikana tangu niandike kuhusu kwenda mji wa watu peke yako kwa siku mbili tatu. Nusu yake ni swali moja limebadilisha nguo tu, hayo nimeyaweka pembeni. Mengine haya hapa, na kama lako nimelifupisha usinune, lilikuwa refu kuliko safari yenyewe.

Dada shikamoo. Naenda Paris siku tatu peke yangu, nimeorodhesha vitu 22. Jumanne asubuhi Louvre, mchana mnara wa Eiffel, jioni boti mtoni, Jumatano ndo vile vingine. Ratiba imekaaje?

Marahaba. Imekaa vibaya. Kwanza Louvre, lile jumba la makumbusho, Jumanne inafungwa, kwa hiyo utaanza safari yako kwa kuangalia mlango. Pili hiyo si ratiba ya mtu mmoja, hiyo ni ratiba ya basi la watalii. Wale wa kwenye basi wanakimbizwa hivyo kwa sababu watu arobaini hawawezi kukubaliana, kwa hiyo kinachukuliwa cha kila mmoja kidogo kidogo mpaka wote wanarudi hotelini wamechoka na hakuna aliyeona kitu. Sasa we uko peke yako, hamna wa kukubaliana naye, halafu bado unajipigia filimbi mwenyewe twende twende! Yaani faida yote ya kusafiri peke yako ni kwamba ukikipenda kitu unakaa nacho hata saa nzima na ukikichukia unatoka bila kumuomba mtu samahani, na we faida hiyo umeitupa kabla hujapanda hata ndege.

Na najua Louvre unaendea nini. Mona Lisa, ule mchoro maarufu wa mwanamke, ina sentimita 77 kwa 53, iko nyuma ya kioo, na mbele yake kuna msitu wa mikono iliyoinua simu. Mwaka 1911 Muitaliano mmoja, Vincenzo Peruggia, aliyewahi kufanya kazi mle ndani, aliiiba akaondoka nayo, ikapotea zaidi ya miaka miwili, na watu wakawa wanakwenda kuangalia nafasi tupu ukutani. Ukuta mtupu! Basi ukiingia chumba hicho fanya hivi: mpe mama wa watu dakika zake mbili, halafu geuka nyuma. Ukuta wa pili kuna Harusi ya Kana ya mchoraji Veronese, upana unakaribia mita 10, ndo mchoro mkubwa kuliko yote humo Louvre, na umati mzima umeupa mgongo. Katikati wanamuziki wanapiga vyombo, kuna mbwa, upande wa kulia kuna paka anakwaruza mtungi, kuna mtumishi anamimina divai ambayo dakika chache nyuma ilikuwa maji, na kila mgeni mezani ana sura yake. Unaweza ukasimama pale nusu saa na hakuna atakayekusukuma maana wote wako kwa yule mwingine.

Vitu 22 punguza mpaka vitatu. Kimoja kwa siku, kinachobaki ni miguu yako tu.

Je, nikienda peke yangu sitaboreka?

Sijui, inategemea unaboreka na nani ukiwa nyumbani.

Nimechoka na makumbusho ya sanamu zilizokatika pua. Kuna makumbusho ya ajabu ajabu kidogo yanayofaa mtu aliye peke yake?

Hapa sasa tunaongea. Hili ndo swali nililokuwa nalisubiri, wengine mniache kidogo.

Anza na London, nyumba ya Sir John Soane. Huyu alikuwa msanifu majengo, alikuwa na ugonjwa wa kukusanya vitu, na mwaka 1833 akaenda mpaka bungeni ikapitishwa sheria kwamba akifa nyumba ibaki kama alivyoiacha. Akafa 1837 na mpaka leo ipo, kuingia ni bure. Vyumba vyembamba, vioo vimetegwa kila kona, vipande vya mawe vya Kirumi vimepandana hadi darini. Chini kabisa kuna jeneza la jiwe la farao Seti wa Kwanza, ambalo British Museum walishindwana bei na wauzaji, Soane akalichukua mwaka 1824 halafu akafanya sherehe usiku tatu kulionyesha kwa taa. Kuna kijichumba cha michoro, kidogo sana, na utajiuliza mbona wanasema kina michoro mingi hivyo, mpaka mhudumu avute ukuta. Ukuta unafunguka kama kabati, nyuma kuna michoro mingine, na nyuma ya hiyo mingine tena. Mkienda wanne mtabanana humo ndani mgombane, mmoja anapita vizuri kabisa.

Zagreb, Kroatia, kuna Makumbusho ya Mahusiano Yaliyovunjika. Wasanii wawili walikuwa wapenzi, wakaachana, wakabaki wanajiuliza vile vitu vya pamoja nani abaki navyo. Wakaanza kukusanya vya watu wengine, maonyesho ya kwanza ni 2006, jumba la kudumu likafunguliwa 2010. Kila kitu kimeletwa na mtu aliyeachwa au aliyeacha, pembeni kimeandikiwa hadithi fupi. Kuna shoka moja kutoka Berlin, mwenye nalo aliachwa, akawa kila siku anakata samani moja ya yule aliyemuacha mpaka zikaisha. Hapo usiende na mchumba. Nasema kwa nia njema, mtatoka mmenuniana na hamjui kwa nini.

Amsterdam kuna KattenKabinet, makumbusho ya paka watupu, kwenye nyumba ya kitajiri kando ya mfereji. Tajiri alifiwa na paka wake akamfungulia makumbusho, mwaka 1990. Paka hai nao wanazunguka humo ndani na wanalala wanapotaka.

Na Vienna kuna makumbusho ya mazishi, yako hukohuko makaburini Zentralfriedhof. Utaona jeneza lenye mlango chini, enzi za Kaisari Joseph wa Pili aliyetaka kubana matumizi: mnafika kaburini, mlango unafyatuka, maiti inashuka, jeneza linarudi kubeba mwingine. Wananchi walikasirika, agizo halikudumu. Pia kuna kengele yenye kamba ya kumfunga marehemu mkononi, akizinduka avute. Hiyo walikuwa wanaogopa kweli kuzikwa hai, usicheke.

Onyo langu ambalo hukuliuliza: siku hizi kila mji mkubwa umejaa vyumba vinavyojiita makumbusho ya selfi, sijui ya barafu, sijui ya rangi ya waridi. Hayo ni studio za picha zenye kiingilio. Ukiona kwenye tangazo kuna mtu amekaa ndani ya beseni la mipira, pita mbele.

Nitafika mjini Jumatatu. Nifanye nini?

Mara ya ngapi hii jamani! Majumba mengi ya makumbusho Ulaya yanafungwa Jumatatu, machache ya Paris Jumanne, na kila moja limeandika kwenye tovuti yake kwa herufi kubwa. Musée d'Orsay Jumatatu hapana, Louvre Jumatatu ndiyo. Kuangalia ni dakika moja, kuniandikia mimi ni siku kumi na majibu unayapata umesharudi. Jumatatu nenda vitu visivyokuwa na mlango: daraja, soko, kivuko, makaburi.

Dada nakuheshimu ila mara ya pili sasa unatutuma makaburini. Mtu mzima nimetoka kwangu na nauli yangu nikatembee makaburini kwa raha? Kweli?

Kweli tupu. Na mara ya tatu hii, hesabu vizuri.

Sisemi ukavamie mazishi ya watu. Nasema makaburi makubwa ya zamani yaliyojengwa yatembelewe. Père Lachaise ya Paris ilifunguliwa 1804 nje ya mji, na watu walikuwa hawataki kuzikwa huko, mbali. Wakuu wa mji wakafanya biashara: 1817 wakahamishia mabaki yanayosemekana ni ya waandishi Molière na La Fontaine, na ghafla kila tajiri akataka kulala jirani na wakubwa. Sasa hivi ni mji kamili, una mitaa, una vibao vya njia, una vilima, miti mikubwa na paka wanaokutazama kana kwamba hujalipa kodi. Kaburi la mwandishi Oscar Wilde watu walikuwa wanalibusu na lipstiki mpaka jiwe likaanza kuharibika, 2011 wakalizungushia kioo, na sasa wanabusu kioo. Simama pembeni uangalie wanavyofanya, bora kuliko sinema.

London nenda Highgate, hiyo ina kiingilio. Karl Marx yuko pale na kichwa chake kikubwa cha shaba, wakati alipozikwa 1883 walifika watu kama kumi na moja tu. Vienna, palepale Zentralfriedhof, watunzi wa muziki Beethoven na Schubert wamelala jirani kabisa.

Kwa nini nawatuma wasafiri wapweke huko? Kwa sababu ni mahali pekee mjini ambapo mtu akitembea peke yake, taratibu, kimya, hakuna anayemshangaa. Hamna mhudumu anayekuuliza "mko wangapi". Hamna anayekuuzia kitu. Ila adabu: ukikuta watu wamesimama na maua, badilisha njia, simu mfukoni. Na angalia saa ya kufunga, walinzi hawatafuti mtu mmoja mmoja kwenye vichaka.

Nani atanipiga picha?

Hakuna. Mtaishi.

Nina hela ya nauli na kulala, imeishia hapo. Mambo ya bure yapo au nikae chumbani?

Yapo mpaka utachagua. Nitataja yale ninayoyapenda mimi, mengine tafuta.

New York, kivuko cha Staten Island, abiria wa miguu halipi kitu tangu 1997 na kinafanya kazi usiku na mchana. Kama dakika 25 kwenda. Ukitoka Manhattan simama upande wa kulia, utapishana na Sanamu ya Uhuru, na ukifika ng'ambo lazima ushuke halafu upande tena, hawaruhusu kubaki ndani. Sasa sikiliza vizuri: pale karibu na kituo kuna vijana wanauza "tiketi" za kivuko hicho. Tiketi ya kitu cha bure! Na watu wananunua kila siku, kwa sababu wameona foleni ikiwa na mtu mwenye kizibao na kitambulisho shingoni wakaamini.

London tena, mahakama ya Old Bailey ina jukwaa la umma, unaingia unakaa unasikiliza kesi, na kesi za pale ni nzito. Simu haziruhusiwi kabisa, mabegi makubwa pia, na hawana pa kukutunzia, kwa hiyo usije na maisha yako yote mgongoni. Mtu aliye peke yake anafaa sana pale kwa sababu hamna wa kumnong'oneza, na ukinong'ona watakutoa. Jioni makanisa makuu ya Uingereza yana ibada ya kwaya, Evensong, mlango wazi kwa wa dini yoyote na asiye na dini, unakaa kimya unasikia kwaya ambayo ukumbini ungelipia. Ila ni ibada, si shoo, usipige makofi.

Na njia za chini ya mto. Hizi hata sielewi kwa nini hazisemwi. Antwerp, Ubelgiji, kuna Sint-Annatunnel chini ya mto Scheldt, 1933, mita 572 za vigae vyeupe kwa miguu, na ngazi za umeme za kushukia ni za mbao zilezile za zamani, zinagonga gonga zikishuka, watu wa pale wanapanda nazo na baiskeli zao bila hata kuangalia. Hamburg kuna ya mto Elbe ya 1911. Greenwich, London, ya 1902, kama mita 370. Unatembea chini ya meli, unatokea ng'ambo, unautazama mji ulikotoka. Bure.

Opera ya Vienna si bure ila tiketi za kusimama ni rahisi kuliko utakavyoamini ukiliona lile jengo. Beba skafu. Ukishapata nafasi yako unaifunga kwenye kile chuma cha mbele na hiyo nafasi inakuwa ni ya kwako, unaweza kwenda kuzunguka, ukirudi hakuna atakayeigusa. Wazee wa pale ni wakali sana kwa hilo, ukisogeza skafu ya mtu utasemwa kwa Kijerumani mbele za watu. Na miguu ikichoka katikati unaondoka zako wakati wa mapumziko, nani atakulaumu?

Naona aibu kula peke yangu mgahawani.

Hakuna anayekuangalia, wote wanaangalia simu zao. Kula chakula kikubwa mchana, usiku ndo meza za wawili wawili zinajaa. Kaa kaunta. Basi.

Mimi ni binti, naenda peke yangu mara ya kwanza. Ukarimu wa watu wa mitaani niupokee au nikimbie?

Mdogo wangu, watu wengi ni wema, na wema huwa hawana haraka. Hicho ndo kipimo. Mtu mwema ukimuuliza njia anakuonyesha anaendelea na safari yake. Mtu anayekuanza yeye, karibu na kivutio maarufu, kwa lugha yako, na ana mahali pazuri anataka kukupeleka sasa hivi, huyo yuko kazini.

Shanghai na Beijing mchezo unaojulikana ni vijana wachangamfu, mara nyingi wasichana, wanajiita wanafunzi, wanataka kufanya mazoezi ya Kiingereza, baada ya dakika kumi mnakwenda "kuonja chai ya asili", na bili inakuja ya kuuzia shamba. Wanatafuta hasa watu walio peke yao maana wawili wangekonyezana. Paris, ngazi za kupandia Sacré-Cœur, kuna jamaa wanakushika mkono wanakufunga uzi kidoleni, ukishafungwa unatakiwa kulipa. Mikono mfukoni, usisimame, usijibu hata hapana. Kando ya mto Seine kuna wa pete, anainama mbele yako anaokota pete ya "dhahabu", hii ni yako? Si yako, na si dhahabu.

Mengine unayajua ila nitayarudia: mtu mmoja nyumbani ajue unalala wapi, jina la hoteli liandike kwenye karatasi kwa sababu betri huisha saa mbaya kuliko zote, na picha za mahali ulipo ziweke mtandaoni ukishaondoka hapo. Hili la mwisho wasichana kwa wavulana hawanisikii, wanaposti jina la hoteli na mandhari ya dirisha na "nipo solo" chini yake, halafu wanashangaa inboksi.

Na usikubali mtu akutishe usiende kabisa.

Ziara za kutembea za bure ni bure kweli?

Hapana, mwongozaji anaishi kwa bakshishi, mwishoni unampa. Wanaotoroka dakika tano kabla ya mwisho nawajua, na wao wanajijua. Kwa aliye peke yake ni kitu kizuri asubuhi ya kwanza, unapata mji kichwani na pengine mtu wa kunywa naye kahawa, ila moja inatosha.

Mbona hoteli wananichaji kama tuko wawili?

Kwa sababu kitanda ni cha wawili na wao wanauza chumba, hawauzi mtu. Tafuta penye vyumba vya mtu mmoja, huwa viko karibu na lifti na vinapiga kelele, au lala hosteli chumba binafsi. Ukifika Japani lala hoteli ya kapsuli, vijichumba vya kutosha mwili mmoja tu, japo usiku mmoja, ya kwanza ilifunguliwa Osaka 1979 na mchoro ni wa msanifu Kisho Kurokawa. Mwenye hofu ya sehemu finyu asinilaumu.

Mvua ikinyesha siku zote mbili?

Ungeniambia unakwenda mji gani ningekujibu vizuri. Ila kama bado hujakata tiketi nenda Bologna, Italia, mji wenye baraza zenye paa kando ya barabara, ukizijumlisha zote zinafika kilomita 62, Unesco wameziorodhesha 2021. Unatembea siku nzima mvua inapiga pembeni yako. Iliyo ndefu kuliko zote inatoka mjini mpaka kanisa la San Luca juu ya kilima, karibu kilomita nne, matao 666. Nusu ya kwanza ni tambarare, watu wanatembea wanaongea. Ukifika Arco del Meloncello kilima kinaanza na maongezi yanaisha, kwa hiyo viatu vya maana, maji, na usiende saa mbaya ukalikuta kanisa limefungwa. Saa zao ziko kwenye tovuti yao. Msiniulize mimi.